Protini ya H5 Si Kirusi

Swali hili huulizwa mara kwa mara, tena na watu waliosoma biolojia: protini ya H5 iliyotengenezwa maabara ikiingia bandani, haitaleta mafua ya ndege? Haitaleta, kwa sababu haina uwezo wa kuzaliana. Kirusi cha mafua ya aina A hubeba maelekezo yake ya kuzaliana katika vipande 8 vya RNA, na protini hii haina hata kimoja. Wataalamu huchukua jeni ya hemaglutinini peke yake, ndiyo protini ya H5 yenyewe, wakaitia ndani ya bakulovirusi, ambacho ni kirusi cha wadudu, kisha wakakiingiza katika seli za kiwavijeshi vamizi, yule yule anayetafuna mahindi yetu. Seli hizo hutoa protini, nayo husafishwa. Kuogopa kwamba itageuka kirusi ni kuogopa kwamba mpini bila jembe utalima shamba usiku.

Wanaobisha huleta ushahidi wa maabara: protini iliyokunjwa vizuri ikichanganywa na damu ya kuku, chembe nyekundu hushikamana, kama George Hirst alivyoonyesha kwa kirusi kizima mwaka 1941. Basi si iko hai? Hapana! Kazi ya hemaglutinini ni kunasa asidi ya sialiki iliyo juu ya seli, na hunasa iwe juu ya kirusi au peke yake. Maambukizi huhitaji RNA iingie ndani na kunakiliwa, na hapa hakuna RNA ya mafua ya kunakiliwa. Wengine hutaja kuku waliokufa siku chache baada ya kuchanjwa. Lakini protini si lazima iwe ndiyo iliyowaua: kinga huchukua wiki mbili au tatu kukomaa. Kuku aliyekwisha kuambukizwa hatangoja, na sindano isiyobadilishwa hueneza ugonjwa kutoka kuku hadi kuku. Hofu yenyewe inaeleweka, maana chanjo hai ya kideri kweli huzaliana mwilini. Lakini kuihamishia kwenye protini tupu ni kosa linalotunyima faida kubwa. Ufaransa ilipoanza kuchanja bata Oktoba 2023, ilitumia chanjo yenye protini ya H5 kutoka seli za wadudu. Kwa kuwa chanjo hiyo haina nukleoprotini, protini nyingine ya kirusi cha mafua, bata mwenye kingamwili dhidi ya nukleoprotini hiyo amekutana na kirusi chenyewe, si chanjo. Chanjo ya kirusi kizima kilichouawa huvuruga kipimo cha kingamwili hizo.

Mtafiti, chagua protini ya aina ya kirusi kinachozunguka sasa, iwe katika umbo lake la vipande vitatu. Epuka iliyotengenezwa ndani ya bakteria, kwani haivikwi sukari. Igawe kidogo kidogo, usiigandishe na kuiyeyusha mara nyingi. Mfugaji, zuia ndege wa porini, badili viatu mlangoni, chanja pale tu serikali inaporuhusu. Antibiotiki, mwarobaini na pilipili haviui kirusi hiki. Kuku wakianza kufa kwa wingi, usichinje, usiuze, mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.