Biashara katika parsele: patanti peke yake haitoshi

Huko Lubumbashi, katika komini za Kenya, Katuba na Ruashi, ni vigumu kupita avenyu nzima bila kukuta nyumba inayouza kitu. Mama ameweka meza ya mikate na sukari mbele ya mlango. Jirani yake anashona. Upande wa pili kuna kijana wa kabine anayetuma feza kwa simu, na nyuma ya ukuta mashine inasaga mahindi tangu asubuhi. Ndizo kazi zinazolipa masomo ya watoto wengi wa makanisa yetu. Lakini ukiwauliza watu hawa kama wana haki ya kufanya biashara nyumbani, wengi watakuonyesha karatasi moja tu: patanti, au risiti ya ushuru. Halafu siku moja anafika mtumishi wa ofisi nyingine, na karatasi ile haimzuii.

Sababu ni kwamba maswali ni matatu, na kila moja lina ofisi yake. Ardhi hii ilitolewa kwa matumizi gani? Kazi hii inawaletea majirani nini? Na mfanyabiashara mwenyewe anajulikana na Serikali? Patanti inajibu swali la tatu tu.

Tuanze na ardhi, maana hapo ndipo watu wanaposhangaa. Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973, udongo wa Kongo ni mali ya Serikali peke yake. Tunasema «nimenunua parsele», lakini kwa sheria tunapewa haki ya kuutumia udongo. Kwa Mkongomani haki hiyo inaweza kuwa ya kudumu, hata hivyo ina masharti. Kati ya masharti hayo kuna matumizi ya mahali. Chukua mkataba wako na ofisi ya ardhi, tafuta neno «usage» au «destination». Katika mitaa yetu wengi watakuta limeandikwa «résidentiel», yaani mahali pa kukaa watu.

Mimi nalisoma neno hilo hivi: nyumba ambamo familia inalala na kupika, na chumba kimoja kina cherehani, bado ni nyumba. Meza ya mikate haigeuzi parsele kuwa soko. Lakini ukihamisha familia na kujaza vyumba vyote makreti ya bia, au ukavigeuza kuwa vyumba vya wageni, hapo si makao tena. Ni lazima uombe ruhusa ya kubadilisha matumizi, kwenye ofisi ya ardhi na ile ya urbanismu, na uiombe kabla ya kuanza. Vilevile, kutoboa ukuta ili butiki ifunguke barabarani ni ujenzi, na ujenzi unahitaji kibali chake. Kuhusu kile kibanda kilicho nje ya ukuta, kati ya ua na barabara, hapo si pako kabisa. Ni mahali pa watu wote. Unaweza kulipa ushuru wa kila siku miaka kumi, na siku ya kupanua barabara kibanda kikabomolewa. Ushuru ule haukukupa udongo.

Kuna wazee wanaosema kwamba mambo haya ya kupanga mitaa yaliletwa na wazungu. Hawakosei. Mji ulipoanzishwa mwaka wa 1910 kwa jina la Élisabethville, ulipangwa ili wazungu wakae upande wao na weusi upande wao, na baadaye eneo tupu likaachwa katikati. Hata amri ya urbanismu ya tarehe 20 Juni 1957 ilitoka katika nyakati hizo. Ubaguzi ule tuliuzika, na vema. Lakini mtoto mwenye pumu anayelala mita tatu kutoka mahali pa kuchomelea vyuma anahitaji mpango wa mtaa kuliko mzungu yeyote wa zamani.

Ndiyo maana swali la majirani ndilo zito kuliko yote. Iko amri ya Serikali inayohusu mahali pa kazi penye hatari, uchafu au usumbufu: moto, moshi, harufu, kishindo. Kazi za namna hiyo hazianzi kwa patanti. Mwenye kazi anaomba ruhusa, na uchunguzi unafanyika, ule unaoitwa «commodo et incommodo». Maana yake ni kuwauliza wanaokaa karibu kama kazi ile itawafaa au itawasumbua. Ni jambo jema ambalo watu hawalitumii. Kwetu, mashine inaletwa usiku kwa lori, inafungwa, na jirani anajua siku ukuta wake unapoanza kutetemeka. Kisha wanakuja kwa mchungaji. Mchungaji anaweza kuwapatanisha, lakini hawezi kuihamisha mashine ambayo mtu amekwisha kuikopea dola. Na anayeuza petroli katika vyupa ndani ya nyumba wanamolala watoto, huyo asingoje ofisi yoyote: aiondoe leo. Torati yenyewe iliagiza kwamba anayejenga nyumba mpya azungushie dari ukingo, mtu asije akaanguka.

(Tuseme kweli: makanisa mengi nayo yalianza katika parsele za kukaa, na baffle zetu zinapiga hadi usiku wa manane. Jirani anayelalamika si adui wa Injili.)

Swali la tatu ni jepesi zaidi. Biashara ndogo ina sheria yake ya mwaka 1979, iliyogeuzwa mwaka 1990, na imewekwa kwa ajili ya Wakongomani. Karatasi yake ndiyo patanti. Tangu tarehe 12 Septemba 2012 nchi yetu iko pia chini ya sheria za OHADA. Hizo zinamruhusu mtu mwenye kazi ndogo kujitangaza kama «entreprenant», bila kuandikishwa katika rejista kubwa ya biashara, na tangazo hilo halilipiwi. Mama aliyeolewa asidaiwe barua ya ruhusa ya mume kama zamani. Sheria ya familia iligeuzwa tarehe 15 Julai 2016, na sasa ni mume na mke wote wawili wanaotakiwa kukubaliana juu ya mikataba inayowafunga. Yaani baba naye asiweke parsele rehani kimya kimya ili anunue mashine.

Mpangaji ana shida yake. Nyumba ya kukaa iko chini ya sheria ya tarehe 31 Desemba 2015, ambayo hairuhusu garanti kupita miezi mitatu. Chumba cha biashara kinafuata OHADA, na huko aliyefanya kazi iliyoandikwa katika mkataba kwa miaka miwili ana haki ya kudai mkataba upya. Ulinzi huo ni mkubwa. Lakini aliyepanga nyumba ya kulala kisha akafungua saloni kimya kimya, ataudai kwa mkataba gani? Zaidi ya hayo, amempa mwenye nyumba sababu ya kumtoa. Mwambie mwenye nyumba mapema, na maneno yake yaandikwe, hata kama ni mjomba wako.

Kwa hiyo kabla ya kununua mashine, pitia kwa majirani wa pande zote, kisha kwa shefu wa kartie, kisha komini, ukiwa na nakala ya mkataba wa parsele mkononi. Mtumishi akija kudai malipo, mwombe kwa heshima ordre de mission yake na noti ya malipo yenye jina lako na jina la ushuru, ulipe mahali noti inapoonyesha, si mkononi barabarani. Kila risiti ipige picha kwa simu, na picha hiyo mtumie mtu mwingine unayemwamini, kwa maana karatasi inayokaa kwenye meza ya mikate haimalizi msimu wa mvua.