Shamba la Kale Lililogeuzwa Darasa

Katika toleo hili tumeona ni vyema tuwaeleze habari za shamba moja la zamani huko Marekani, ambalo wenyewe waliligeuza kuwa mahali pa kufundishia watoto na familia mambo ya maumbile. Shamba hilo linaitwa Shelburne Farms. Liko katika jimbo la Vermont, kando ya Ziwa Champlain.

Shamba lilivyoanza

Lilianzishwa mwaka 1886 na William Seward Webb na mkewe, Lila Vanderbilt Webb, aliyetoka katika ukoo uliotajirika kwa reli. Walinunua mashamba mengi ya wakulima na kuyaunganisha, hata likawa shamba moja la ekari zipatazo 3,800, lenye jumba kubwa na mabanda ya fahari. Lakini mali ya namna hiyo hula pesa nyingi. Miaka ilivyopita, matunzo yakawashinda warithi na ardhi ikapungua.

Hapo ndipo palipokuwa na mtihani. Ardhi ya kando ya ziwa ni ya thamani, na njia nyepesi ingekuwa kuikata viwanja na kuiuza. Mwaka 1972 vijana wa ukoo huo walichagua njia nyingine. Waliunda taasisi isiyotafuta faida, yenye kazi ya kuelimisha watu. Baba yao alipofariki mwaka 1984, aliusia shamba liwe mali ya taasisi hiyo. Leo zimebaki ekari zipatazo 1,400, na mwaka 2001 shamba lilitambuliwa na serikali kuwa mahali pa kihistoria pa taifa.

Masomo ya majira ya machipuko

Sisi tumezoea masika, kipupwe, vuli na kiangazi. Wenzetu wana majira yanayofuata baridi kali, theluji inapoyeyuka na miti kuanza kuchipua. Ndiyo majira ya machipuko. Wakati huo wanafunzi na familia hufika shambani kutazama wanakondoo waliozaliwa, kuona kuku na ng'ombe wanavyotunzwa, na kujifunza chakula chao kinatoka wapi.

Somo mashuhuri kuliko yote ni la sukari ya mti uitwao mepo. Mti huu hugemwa kama mpira unavyogemwa kwetu. Hutobolewa tundu dogo, likatiwa mrija, na utomvu ukakingwa. Waabenaki, wenyeji wa asili wa Vermont, waliijua kazi hii kabla Wazungu hawajafika.

Huenda mwanafunzi akauliza: kwa nini wakati huo tu? Jibu ni hili. Usiku maji yanapoganda, mti huvuta maji kutoka mizizini. Mchana barafu inapoyeyuka, utomvu husukumwa ndani ya mti na kutoka penye tundu. Kwa hiyo panatakiwa usiku wa kuganda na mchana wa joto kidogo. Hali hiyo hudumu wiki chache tu, kuanzia mwishoni mwa Februari au Machi hadi Aprili. Vichipukizi vikifunguka, utomvu hubadilika ladha na kazi husimama.

Tena, sukari ile si ya siku ile. Majani yaliitengeneza kiangazi kilichopita, na mti ukaiweka ndani ya shina. Akiba haiozi, walisema wahenga. Utomvu wenyewe una sukari kama asilimia 2 tu, hivyo huchemshwa sana. Lita 40 za utomvu hutoa lita 1 tu ya asali yake. Mtoto aliyesimama karibu na moto huo akaona mvuke unavyotoka, si rahisi amwage chakula ovyo.

Kuchukua kwa kiasi

Aidha, watoto hufundishwa mipaka. Mti mwembamba, usiofikia unene wa sentimeta 30 hivi, hauguswi. Kila mwaka tundu hutobolewa mahali pengine, na lile la zamani huachwa lizibe lenyewe. Anayegema bila kiasi huudhoofisha mti, na mti huo huchukua miaka 40 hivi kufikia unene wa kugemwa.

Ndugu wasomaji, shamba lile lingeuzwa vipande vipande, masomo haya yasingekuwapo leo. Waliorithi walijiuliza, ardhi hii itawafaa nini watakaokuja? Nasi wengi wetu tuna kiwanja cha babu, shamba la minazi au mwembe mmoja uani. Tuwapeleke watoto huko. Waulizwe majina ya miti, waonyeshwe mwembe unavyotoa maua na jinsi embe linavyoanza, na wapande wa kwao. Udongo uwahi ungali maji.