Kompyuta ya Steshenari na Huduma Iliyotii Kila Mtu

Mkazi wa Mlalo au Soni anayefika Lushoto mjini kushughulikia maombi ya mkopo wa elimu ya juu, hati ya shauri au nakala ya kitambulisho cha Taifa, kwa kawaida huishia katika duka la steshenari. Humkabidhi mhudumu flashi, au humtumia faili kwa WhatsApp. Kompyuta inayomhudumia huwa imekwisha kupokea nyaraka za watu wengine wengi.

Mfumo endeshi, kama vile Windows, hautoi mamlaka sawa kwa kila anayeutumia. Akaunti ya kawaida huruhusu kuandika, kuchapa na kufungua tovuti. Akaunti ya msimamizi huruhusu kubadili mipangilio ya mashine nzima. Zaidi ya hizo, zipo huduma za mfumo wenyewe, yaani programu zinazofanya kazi chinichini, na baadhi yake hupewa mamlaka ya juu kabisa. Huduma ya namna hiyo ikiwa na kasoro, mtu mwenye akaunti ndogo aweza kuitumia kujipandisha cheo hadi akawa mtawala wa mashine. Hahitaji nywila ya msimamizi. Yatosha awe amekwisha kuingia, au programu yake iwe imepenyezwa kwa flashi na kufunguliwa.

Mfano unaowagusa moja kwa moja wateja wa steshenari ni wa mwaka 2021, nao ulipewa jina la PrintNightmare. Ulihusu huduma inayopanga foleni ya uchapaji katika Windows, ambayo kwa kawaida huwa imewashwa hata pasipo na printa. Miongoni mwa kazi zake ni kupokea programu za kuendeshea printa mpya. Kasoro ilikuwa kwamba ilipokea faili kutoka kwa mtumiaji wa kawaida bila kuhakiki ipasavyo ruhusa yake, kisha ikaiendesha kwa mamlaka yake yenyewe. Mfano wa karani mwenye funguo zote za ofisi anayemfungulia yeyote asemaye kwamba ni fundi wa printa.

Tarehe 8 Juni 2021 Microsoft ilitoa sasisho kwa udhaifu mmoja wa huduma hiyo. Mwishoni mwa mwezi watafiti, wakidhani tatizo limekwisha kutibiwa, walichapisha namna ya kuutumia. Kumbe walikuwa wamefichua udhaifu mwingine unaofanana nao, usio na tiba bado, na ulioweza kutumiwa hata kupitia mtandao. Waliyaondoa maelezo yao, lakini yalikuwa yamekwisha kunakiliwa. Sasisho la dharura lilianza kutolewa tarehe 6 Julai, hata kwa Windows 7 ambayo msaada wake ulikoma Januari 2020. Mwezi Agosti, uwekaji wa programu za printa ukafanywa kuwa kazi ya msimamizi peke yake.

Tiba hiyo haina faida kwa mashine isiyosasishwa. Wapo wenye maduka wanaozima masasisho ili kuokoa bando, na sababu yao yaeleweka. Hata hivyo, gharama ya uamuzi huo humwangukia mteja. Ushauri wa kuizima huduma ya uchapaji, unaofaa katika ofisi isiyochapa, hauwezi kulisaidia duka linaloishi kwa kuchapa. Ifahamike pia kwamba msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Mteja anayo haki ya kuuliza kama mashine husasishwa. Nyaraka yake ikishachapwa, aombe ifutwe mbele yake, pamoja na kwenye kapu la taka, na ahakikishe ametoka katika barua pepe na WhatsApp aliyoifungua. Kufuta huko hakuzuii programu ambayo tayari imejificha humo ikinakili kila kinachoandikwa; kwa hiyo nywila za benki zisiandikwe kamwe katika kompyuta ya pamoja.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaufanya uingiaji katika mfumo wa kompyuta bila idhini kuwa kosa, nalo huripotiwa polisi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya au kuchakata taarifa za watu azilinde. Malalamiko chini ya sheria hiyo hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mlalamikaji aandike jina la duka, tarehe, na aina ya nyaraka aliyoiacha huko.