Kilo Moja Kwanza: Hesabu za Uwiano na Haki ya Mkulima

Bila shaka umewahi kumwona mtoto wa darasa la sita akihangaika na fumbo la hesabu. Kuzidisha anajua, na kugawanya anajua; lakini namba zikivishwa maneno, anapotea. Hujiuliza, "Nizidishe au nigawanye?" kisha hubahatisha. Tusimlaumu. Ubahatishaji huo wanao hata watu wazima, nao huwagharimu fedha.

Chukua mfano wa mkulima wa Nyantakara, wilayani Biharamulo katika Mkoa wa Kagera. Tuseme mnunuzi amemfikia shambani na bei ya shilingi 60,000 kwa gunia la mahindi la kilo 100. Lakini gunia lenyewe limeshindiliwa na kuongezewa kilemba juu, hata likafikia kilo 130. Hiyo ndiyo lumbesa, ambayo kanuni za vipimo za Tanzania zinaikataza, kwani gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100.

Je, mkulima huyo amepunjwa kiasi gani? Tuanze na kilo moja. Ikiwa kilo 100 ni shilingi 60,000, basi kilo 1 ni shilingi 600. Kilo 130 ni mara 130 ya hizo, yaani shilingi 78,000. Yeye kapewa 60,000. Amepoteza shilingi 18,000. Akiuza magunia 10, zimekwenda 180,000, wala hakuna mwizi aliyevunja mlango.

Hesabu za namna hii ni za kale. Yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo, mwandishi wa Misri aitwaye Ahmes alinakili mafumbo ya mikate na nafaka yanayofumbuliwa kwa uwiano. Mafunjo yake yamehifadhiwa London. Naye Aryabhata wa Bara Hindi, mwaka 499, aliandika kanuni ya namba tatu: tatu zajulikana, ya nne inatafutwa.

Lakini tahadhari! Si kila fumbo hufuata njia hiyo. Ikiwa watu 6 hupalilia shamba kwa siku 8, watu 12 watalipalilia kwa siku ngapi? Mtoto aliyekariri atajibu 16. Jibu hilo halikubaliki: mikono imeongezeka, kazi itachelewaje? Hapa mtu mmoja peke yake angehitaji siku 6 mara 8, yaani 48. Wakigawana watu 12 wenye kasi moja, watamaliza kwa siku 4. Huu ndio uwiano wa kinyume: kimoja kikipanda, kingine hushuka.

Tena yako mafumbo yasiyo na uwiano kabisa. Yai moja likiiva kwa dakika 8 katika maji yanayochemka, mayai 5 yaliyotiwa pamoja katika sufuria hiyo hayahitaji dakika 40. Dakika ni zile zile 8.

Kwa hiyo, mzazi, kabla mwanao hajashika kalamu, mwulize maswali matatu. La kwanza: ni vitu gani viwili vinavyohusiana katika fumbo hili? La pili: kimoja kikiongezeka, kingine kitaongezeka, kitapungua au kitabaki vile vile? La tatu: kwa kimoja ni kiasi gani? Akishapata jibu, alirudie kwa macho ya mtu wa sokoni: je, lawezekana?

Mazoezi yasingoje mtihani. Yapo katika nauli ya basi, katika unga wa ugali wa wageni na katika mshahara wa siku za kazi. Jioni ya leo mpe mwanao hili: kilo 4 za maharage zimenunuliwa kwa shilingi 10,000, kilo 7 ni shilingi ngapi? Usimwambie azidishe wala agawanye. Mwulize tu kilo moja ni shilingi ngapi, kisha nyamaza umsubiri. Akifika 17,500 kwa miguu yake mwenyewe, siku moja hatakubali kufungiwa lumbesa.