Je, Wajua? Padri wa sisimizi na wapinzani wake 11

Je, wajua kwamba padri aliyeijadili nadharia ya mageuko maisha yake yote alizaliwa mwaka uleule nadharia hiyo ilipotikisa dunia? Erich Wasmann alizaliwa Mei 29, 1859 mjini Meran, katika milima ya Tirol iliyokuwa chini ya Austria na ambayo leo iko Italia. Novemba mwaka huohuo Charles Darwin alichapisha mjini London kitabu chake kuhusu asili ya spishi.

Je, wajua kwamba baba yake alikuwa mchoraji? Friedrich Wasmann, mzaliwa wa Hamburg, aliacha Uprotestanti akaingia Ukatoliki. Mtoto akarithi jicho la baba: michoro yake ya wadudu hukuonyesha hadi vinyweleo.

Je, wajua kwamba Wasmann alilazimika kuvuka mpaka ili awe mtawa? Mwaka 1872 Dola ya Ujerumani iliwapiga marufuku Wajesuiti, na vijana waliotaka kujiunga na shirika hilo wakawa wanapelekwa nje. Yeye alipokewa Exaten, Uholanzi, mwaka 1875. Mapafu yake yalikuwa dhaifu tangu ujana, na huko mashambani ndiko alikojifunza kukaa kimya saa nyingi akiwatazama wadudu. Alipewa daraja ya upadri mwaka 1888.

Je, wajua mdudu wa kwanza kumpa jina? Ni mbawakawa mdogo wa milimita chache anayeishi hasa kwenye miti ya betula huko Ulaya. Jike hukata nusu moja ya jani kwa mstari uliopinda kama herufi S, huuvuka mshipa wa katikati, kisha hukata nusu ya pili kwa mkunjo mwingine. Jani likilegea, hulisokota likawa pia, na ndani yake hutaga mayai. Wanahisabati walipoupima mkato huo walikuta unafuata kanuni za jiometri. Mwaka 1884 Wasmann alitoa kitabu kizima juu ya mdudu huyo mmoja, akiuliza: je, mbawakawa anajua hesabu? Jibu lake lilikuwa hapana. Ni silika, na silika si akili.

Je, wajua kwamba swali hilo lilimweka kati ya kambi mbili? Upande mmoja walikuwapo waliosema sisimizi ni mashine tupu, akiwamo Albrecht Bethe aliyeandika hivyo mwaka 1898. Upande wa pili walikuwapo waliowapa sisimizi akili na hisia za binadamu. Wasmann aliwakatalia wote. Kwake sisimizi huhisi, hukumbuka na hurekebisha mwendo wake kwa aliyoyapitia, ila hafikiri kwa dhana. Nadhani hapo alikuwa mbele ya wengi wa wakati wake.

Je, wajua kwamba ndani ya kichuguu huishi wapangaji wasiolipa kodi? Humo mna mbawakawa, nzi, buibui na viumbe wengine walioacha maisha ya nje wakahamia kwa sisimizi na mchwa. Mwaka 1894 Wasmann alichapisha orodha ya viumbe 1,246 wanaoishi na sisimizi. Ndiye pia aliyewapanga kwa madaraja: wanaopendwa na kulishwa, wanaovumiliwa, wanaofukuzwa, na wale wanaofyonza damu ya wenyeji wao. Wanasayansi bado wanayatumia madaraja hayo, japo wameyafanyia marekebisho.

Je, wajua habari za Lomechusa? Huyu ndiye mbawakawa aliyemkosesha padri usingizi. Huishi na sisimizi wekundu wa Ulaya ambao wenyewe ni maharamia: huvamia viota vya jirani, hubeba pupa na kuwalea wawe watumishi. Maharamia hao wanampokea Lomechusa kwa heshima zote. Kwenye kingo za tumbo ana mashada ya nywele za rangi ya dhahabu, nao huyaramba bila kuchoka. Akiwagusa kwa papasi, humtapishia chakula mdomoni. Sisi husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisimizi hawa hawana jembe la kumpa. Mabuu wa mbawakawa hulishwa pamoja na watoto wa nyumba, na hapohapo huwala watoto hao. Kiota kikibomolewa, sisimizi wengi huwaokoa mabuu wa mgeni kwanza, kisha wa kwao.

Je, wajua ni nini huzuia Lomechusa wasiimalize koloni? Ni malezi yaleyale. Pupa wa sisimizi hawa hufukuliwa udongoni ili wasafishwe na kuhamishwa, na haidhuru. Pupa wa Lomechusa akifukuliwa hufa. Sisimizi humfukua kwa bidii ileile, na Wasmann aliona kwamba wanaofikia utu uzima ni hasa wale waliosahauliwa ardhini. Hakuna lolote katika kazi yake linalonivutia kuliko hili. Aligundua kwa kutazama tu, kupitia viota vya vioo alivyovitengeneza na kuviunganisha kwa mirija.

Je, wajua kwamba Lomechusa ndiye aliyemfanya akosoe uteuzi asilia? Hoja yake ilikuwa hii: kama maumbile huchagua kinachomfaa kiumbe, mbona sisimizi wanamlea adui yao? Akapendekeza kwamba sisimizi wana silika maalumu ya kupenda wageni, na kwamba kwa vizazi vingi wao ndio waliomchagua na kumwendeleza mbawakawa huyo, kama mfugaji anavyochagua mbegu ya ng'ombe. Mtaalamu wa sisimizi wa Marekani, William Morton Wheeler, alimpinga, na si yeye peke yake. Wakosoaji walisema hakuna silika mpya hapo. Mgeni ameiba tu silika ya ulezi ambayo sisimizi wanayo kwa watoto wao. Wakosoaji walikuwa sahihi. Baadaye Bert Hölldobler alionyesha kwamba wageni wa aina hii hutoa kemikali kwenye tezi zao, na ndizo zinazowafanya sisimizi wawapokee.

Je, wajua kwamba padri huyuhuyu alikubali kwamba spishi hubadilika? Wengi hushangaa hapa. Ushahidi wake ulikuwa mbawakawa wa jenasi Dinarda. Ulaya wako wa aina nne, na kila aina huishi na sisimizi wake. Ukubwa na rangi ya kila mmoja hufuata ukubwa na rangi ya mwenyeji wake: sisimizi wakiwa wakubwa wa rangi mbili, na Dinarda ni mkubwa wa rangi mbili, wakiwa wadogo wa rangi ya giza, naye ni mdogo na wa giza. Wasmann alihitimisha kwamba wametoka kwa babu mmoja. Mwaka 1904 aliyaweka hayo wazi katika toleo jipya la kitabu chake kuhusu biolojia ya kisasa na nadharia ya mageuko. Ila alichora mipaka miwili. Alisema viumbe walianza na mashina mengi, si moja. Na roho ya binadamu, alisema, haitokani na mnyama.

Je, wajua nani alikasirika? Ernst Haeckel wa Jena, mtetezi mkubwa wa Darwin katika Ujerumani. Aprili 1905 alitoa mihadhara Berlin na kumshambulia Wasmann kwa jina, kwa kuwa kwake padri anayekubali nusu ya mageuko alikuwa hatari kuliko anayekataa yote. Wasmann alijibu kwa maandishi, kisha akakubali kwenda Berlin mwenyewe.

Je, wajua kilichotokea huko? Februari 13, 14 na 17, 1907 alitoa mihadhara mitatu. Usiku wa Februari 18 ukawa wa mdahalo, katika ukumbi wa bustani ya wanyama ya Berlin, mbele ya watu wapatao 2,000. Wapinzani 11 walipanda jukwaani mmoja baada ya mwingine, wakiongozwa na mwanazuolojia Ludwig Plate, ambaye baadaye alikichukua kiti cha Haeckel pale Jena. Wasmann alikaa akisikiliza saa baada ya saa. Zamu yake ya kujibu ilipofika, usiku wa manane ulikuwa umekaribia. Kumbuka pia kwamba sheria dhidi ya Wajesuiti haikuwa imefutwa. Ilifutwa yote mwaka 1917. Yeye alikuwa akiishi Luxembourg, na shirika lake halikuruhusiwa kuwa na nyumba katika nchi aliyokuja kuhutubia.

Nani alishinda? Kila upande ulitoa kitabu chake mwaka huohuo, na kila kitabu kilidai ushindi. Mimi naona hivi: kwa habari ya mashina mengi, sayansi iliwapa haki wapinzani, maana leo kemia ya chembe hai zote inaonyesha ukoo mmoja. Lakini kuhusu suala la kama Mkatoliki anaweza kukubali mageuko bila kuiacha imani, Wasmann alifungua mlango ambao Kanisa lenyewe lilipitia. Mwaka 1950 Papa Pius XII aliruhusu asili ya mwili wa binadamu ichunguzwe, akisisitiza kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja. Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo II akasema mageuko ni zaidi ya dhana tu.

Je, wajua kwamba rafiki yake wa kisayansi hakuwa mtu wa Kanisa? Auguste Forel wa Uswisi, daktari wa magonjwa ya akili na bingwa wa sisimizi, alitofautiana naye karibu katika kila jambo la dini. Hata hivyo mwaka 1893 alimpa heshima ya jenasi nzima: Wasmannia. Mmoja wa jenasi hiyo, sisimizi wa Amerika mwenye urefu wa milimita moja na nusu na mwiba mkali, amesambaa hadi Gabon na Kameruni, na leo ni balaa kwa wakulima wa huko.

Je, wajua kwamba kazi yake inawahusu siafu wetu? Padri Hermann Kohl, mmisionari wa Sankt Gabriel karibu na Stanleyville, mji ambao leo ni Kisangani, alimkusanyia wageni wa siafu kutoka misitu ya Kongo. Mbawakawa mmoja akaitwa Dorylomimus kohli kwa heshima ya mkusanyaji. Ana kiuno chembamba kama siafu na hutembea nao katika msafara wao. Siafu wafanyakazi hawana macho kabisa, kwa hiyo Wasmann alijiuliza: umbo la siafu lamsaidia nini mgeni asiyeonekana? Alijibu kwamba siafu "huona" kwa papasi zao, na mgeni huyu anawadanganya kwa mguso. Tangu 1970 uigaji wa aina hiyo huitwa kwa jina lake.

Je, wajua kwamba alikosea vibaya kuhusu nzi wa mchwa? Mwaka 1900 aliwaeleza nzi wa ajabu wasio na mbawa kamili, wenye matumbo yaliyovimba, wanaoishi vichuguuni. Akawaita Termitoxenia na kudai kila mmoja ni dume na jike kwa pamoja. Watafiti waliofuata walikuta ni majike tu.

Wasmann alifariki Februari 27, 1931 huko Valkenburg, Uholanzi, na mkusanyiko wake umehifadhiwa katika makumbusho ya historia ya asili ya Maastricht. Msomaji, hasa wewe unayesoma biolojia Morogoro, Eldoret au Kisangani: mvua zikianza na siafu wakatoka, simama kando kwa tahadhari na kioo cha kukuzia, uangalie sana mkia wa msafara. Ukimwona mmoja anayekimbia pamoja nao lakini mwili wake si wa siafu, mchore, andika mahali na tarehe, umpelekee mwalimu wako.