Unaprinti Tisheti Chumba Unacholala? Soma Hii Kabla ya Oda Inayofuata

Wadau wa tisheti, leo hatuongelei kapsheni wala picha za bidhaa. Tunaongelea pumzi yako.

Wengi tunaanza hivi: fremu mbili, raba ya kuvutia wino, lita moja ya thina, chumba kimoja. Oda zikija tunachapa usiku, mlango umefungwa ili vumbi lisishike kwenye wino. Asubuhi kichwa kinauma, tunasema ni uchovu. Inawezekana kabisa ni thina.

Thina nyingi zina toluini. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo unashuka chini, palepale lilipo godoro na anapocheza mtoto. Unaleta kizunguzungu na kichefuchefu, na ukiuvuta kwa miaka unaharibu ubongo na mishipa ya fahamu. Mjamzito ndiyo kabisa asikae humo. Na usitegemee pua: inazoea harufu haraka, ukadhani imeisha.

Usione kama tunatishana. Mwaka 2012 huko Osaka, Japani, iligundulika kwamba wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha uchapaji wamepata saratani ya mirija ya nyongo, ugonjwa ambao ni nadra kwa watu wa umri wao. Walikuwa wakisafisha wino kwenye mashine kwa kemikali kali, kwenye chumba chenye hewa mbovu. Kemikali iliyoshukiwa zaidi inaitwa dikloropropani. Sio lazima iwemo kwenye chupa yako, lakini wewe unajua kuna nini ndani ya ile chupa isiyo na lebo uliyopimiwa dukani?

Sasa tufanye nini?

1. Hamia wino wa maji. Kwa tisheti za pamba unafaa, na fremu unaosha kwa maji, thina huihitaji. Usiuache ukaukie kwenye skrini, na kausha chapa kwa joto kama maelezo ya kopo yanavyosema.

2. Hewa ipite. Fungua madirisha yanayotazamana. Feni ya mezani isikupulizie mvuke usoni, iweke iusukume nje.

3. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke. Inayofaa ni ile yenye kichujio cha mkaa maalumu wa kunasa kemikali, na kichujio hubadilishwa.

4. Usinawe mikono kwa thina. Inapenya kwenye ngozi. Vaa glavu, na wino ukikugusa tumia sabuni na mafuta ya kupikia.

5. Jiki usichanganye na asidi wala dawa nyingine ya usafi. Inatoa gesi ya sumu.

6. Matambara yenye thina weka kwenye kopo la bati lenye mfuniko, mbali na jiko. Mvuke huo unashika moto upesi.

Najua utasema, "Hela ya vyote hivyo itoke wapi?" Itoke kwenye bei. Tuseme glavu na vichujio vinakula 40,000 kwa mwezi na unachapa tisheti 200. Hiyo ni shilingi 200 kwa tisheti. Mteja aliyelipa 15,000 hatakimbia kwa sababu ya 200. Usipoiweka kwenye bei, unailipa wewe kwa mapafu yako, halafu unajiita una bei poa.

Njia nyingine ni kuungana. Wasanii wa uchapaji wanafanya hivi tangu zamani. Robert Blackburn alifungua karakana yake New York mwishoni mwa miaka ya 1940, wasanii wengi wakatumia mashine zilezile. Watano mnaweza kukodi chumba kimoja chenye madirisha, mkanunua feni ya kunyonya hewa, mkapangiana zamu. Nyumbani unabaki na kukunja na kupaki tu.

Ila karakana ya pamoja ikiwa mbovu, mnaugua pamoja. Kabla ya kulipa kodi uliza: Hewa inatokea wapi? Kila chupa ina lebo? Sinki ya kuoshea fremu ipo? Chakula kinaliwa mbali na wino? Wakijibu kwa kubabaika, tafuta pengine.

Na kichwa kikiuma kila siku ya kuchapa, au mikono ikiwasha na kupasuka, nenda hospitali na umwambie daktari unafanya kazi gani. Asipojua, atakutibu malaria bure.

Wewe unachapia wapi, na unatumia wino gani? Tuandikie hapo chini, na mtagi mwenzako anayechapa usiku mlango ukiwa umefungwa.