Mkomazi: nyika ya Tanzania inayomrejesha faru mweusi

Watalii wengi wanaozuru kaskazini mwa Tanzania huelekea Serengeti na Ngorongoro. Ni wachache wanaofika Mkomazi, hifadhi ya taifa yenye zaidi ya kilometa za mraba 3,200, inayopakana na hifadhi ya Tsavo Magharibi nchini Kenya. Hata hivyo, ni katika nyika hiyo kavu ambako faru mweusi, aliyekuwa ametoweka kwa sababu ya ujangili, anarejeshwa.

Jina la Mkomazi linatokana na lugha ya Kipare: "mko" ni kijiko kidogo cha mbao, na "mazi" ni maji. Ndivyo maji yalivyo adimu huko. Choroa na swala twiga huweza kukaa muda mrefu bila kunywa, kwa kutegemea unyevu wa majani. Tembo nao huvuka mpaka: mvua zinaponyesha hutoka Tsavo na kuingia Mkomazi, na kiangazi kinapokaza wengi wao hurudi Kenya.

Kwa nini faru wazungushiwe uzio?

Kufikia miaka ya 1980, wawindaji haramu walikuwa wamewamaliza faru wa Mkomazi kwa ajili ya pembe zao. Mwaka 1989, Mwingereza Tony Fitzjohn, aliyekuwa amefanya kazi na George Adamson huko Kora nchini Kenya, alialikwa kusaidia kuifufua hifadhi hiyo. Kuanzia 1997, faru waliletwa kutoka Afrika Kusini, na baadaye wengine kutoka bustani za wanyama za Jamhuri ya Cheki na Uingereza.

Faru mweusi huzaliana polepole. Jike hubeba mimba kwa takriban miezi 15, kisha humlea ndama kwa miaka kadhaa kabla ya kuzaa tena. Kwa hiyo, kuuawa kwa jike mmoja ni hasara isiyofidika haraka. Aidha, faru aliyezaliwa Ulaya hana kinga dhidi ya ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, hivyo huhitaji uangalizi wa karibu anapowasili. Ndiyo maana wanyama hao wanalindwa usiku na mchana ndani ya eneo lenye uzio, ambalo sasa wageni wanaruhusiwa kulitembelea. Mbwa mwitu nao wamezalishwa huko na kuachiwa porini.

Namna ya kufika

Mgeni hupitia mji wa Same, ulio kwenye barabara kuu iendayo Moshi kutoka Dar es Salaam. Lango la Zange liko kilometa chache kutoka hapo. Wakati wa kiangazi barabara hupitika kwa urahisi, na wanyama hukusanyika penye maji, kama vile Bwawa la Dindira. Siku isiyo na mawingu, kilele cha Kilimanjaro huonekana kwa mbali.

Wafugaji na ardhi

Uhifadhi huo umekuwa na gharama kwa binadamu. Mkomazi ilitengwa kuwa pori la akiba mwaka 1951, na wafugaji waliendelea kuishi na kulisha mifugo humo kwa miaka mingi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali iliwaondoa, ikieleza kuwa mifugo ilikuwa inaharibu mazingira. Baadhi yao walifungua kesi iliyofika hadi Mahakama ya Rufani ya Tanzania, lakini hawakurejeshewa makazi yao ndani ya pori.

Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania, TANAPA, lina mpango uitwao Ujirani Mwema, unaochangia miradi kama ya shule, zahanati na maji katika vijiji vinavyopakana na hifadhi. Kwa familia zilizopoteza malisho, hapo ndipo faida ya faru itakapopimwa: je, fedha ya mgeni aliyekuja kumtazama inafika kijijini? Ulinzi wa faru nao unawategemea majirani hao, kwa kuwa wao ndio wa kwanza kumwona jangili anapopita.